Hesabu ya Baridi

Fundi Yeri kashuka ngazi, kutu imemjaa viganjani,
kanitilia mkononi kipande cha koili ya nje.
Nilipokibana kikapukutika kama kashata.
"Ni chumvi hii, Bwana Shee. Hapa Shella
bahari haina miguu, lakini kila usiku yafika kula."

Kisha akaandika bei kwa kalamu ya risasi
nyuma ya boksi la kapasita:
kompresa, elfu kumi na nane,
gesi, elfu sita,
ufundi, *tutaongea*.
Akapiga mstari, na chini ya mstari:
*mpya, hamsini na tano,
na tundu jengine ukutani, za siku hizi ni pana.*

Mimi nimekuwa karani ofisi ya maji Malindi
miaka thelathini na mmoja. Kuzidisha najua.
Kijana wa dukani alinipa kanuni:
umri wa kiyoyozi mara gharama ya kukitengeneza,
ikipita laki mbili, tupa.
Kumi na miwili mara elfu ishirini na nne:
laki mbili, elfu themanini na nane.
Tupa.

Lakini kanuni haikuwepo siku ile
Mtaliano wa Casuarina alipofunga nyumba yake
akauza hata vitasa,
nami nikaisukuma kwa mkokoteni, jua la saa saba,
Mwanaidi mlangoni, mkono kiunoni:
"Umenunua friji isiyo na mlango?"
Usiku huo tulijifunika blanketi.
Mwezi wa Machi. Machi, Malindi!
Tukacheka chini chini, kama watu walioiba.

Leo ni siku ya tisa tangu inyamaze.
Feni yazungusha hewa ile ile
kama mtu mwenye habari moja.
Mwanaidi amehamia sakafuni, shavu juu ya saruji.
Joto la nje analijua tangu utotoni, halimtishi.
Ni hili la ndani, lililomjia na umri,
analoliita *mgeni asiyebisha hodi*:
saa nane za usiku hukurupuka, kanga imelowa,
akasimama mbele ya jokofu lililo wazi
akijidai anatafuta limau.

Nilipomsomea hesabu yangu akaniuliza,
"Goti langu lilipolia mwaka jana
ulizidisha miaka yangu kwa shilingi ngapi?"
Nikasema goti si mashine, halibadilishwi.
"Mombasa wanatia la chuma," akajibu,
akaenda zake uani.

Huko uani, chini ya bomba la kiyoyozi,
pameota mrehani usiopandwa na mtu.
Umelelewa na matone, tone, tone,
miaka na miaka ya jasho la chumba chetu.
Sasa umejikunja. Yeye huumwagilia kwa kikombe,
kidogo kidogo, ametega mkono kama bomba,
maana ukimimina kwa pupa, asema, hauyajui.

Fundi amekaa kipago cha chini, anakunywa tangawizi.
Ni mtu mkweli, na ukweli wake haunisaidii.
"Nikiitengeneza, nakuapia mpaka masika.
Baada ya masika, muulize Mungu."
Nikaanza kugawa ishirini na nne kwa wiki saba,
nikaongeza tokeni inazozila,
nikapunguza, nikafuta, nikaanza upya,
hata Mwanaidi akarudi, akafungua ncha ya leso:
elfu thelathini na tano, zamu yake ya chama.
Akaziweka juu ya karatasi yangu, juu ya tarakimu zote.
"Zilizobaki ni zako," akasema.

Kumbe shauri lilishakatwa.
Mimi nilikuwa nafanya hesabu tu.

Yeri akapanda tena na futi yake,
akachora ukutani mraba mpya, mpana.
Ya zamani, akasema, ataichukua kwa shaba yake.
Nikatikisa kichwa, haya.
Nikatoka nje, nikamwita toka chini:
"Ila bomba la maji, fundi,
bomba la maji lisisogee hata kidole."